Msiisingizie Mionzi

Katika misiba ya watu waliokufa kwa uvimbe wa ubongo kuna maneno ambayo hayakosekani. Husemwa chini ya turubai, kwa sauti ya mtu anayejua: "Baada ya operesheni alikuwa mzima kabisa, anakula, anaongea, anatembea mwenyewe. Walipoanza kumchoma mionzi ndipo akaisha." Waliokaa karibu huitikia kwa vichwa. Mwingine anakumbuka wa kwake, wa Tanga au wa Morogoro, naye alikwenda hivyohivyo. Mpaka chakula kinapakuliwa hukumu imeshapita: mwuaji ni mashine ya mionzi. Uvimbe wenyewe hautajwi tena.

Hukumu hiyo ingeishia msibani nisingekuwa na neno. Lakini hupanda basi na waombolezaji, na ikimkuta mgonjwa mwingine aliyeshonwa kichwa majuzi hugeuka kuwa ushauri: "Uvimbe si umeshatolewa? Mionzi ya nini tena? Usikubali, watakumaliza." Wanaoutoa ushauri huo si watu wasiosoma. Ni walimu, ni mashemeji wenye digrii, ni wachungaji na masheikh wanaoheshimika mtaani. Nao wanakosea, na kosa lao hulipwa kwa uhai wa mtu mwingine.

Tuutazame kwanza huo uzima wa baada ya operesheni, maana ndio shahidi wao mkuu. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Uvimbe unapokua ndani yake na maji kujaa kuuzunguka, ubongo unabanwa: kichwa kinauma alfajiri, mtu anatapika, mkono unakosa nguvu, degedege linamwangusha mtu mzima ambaye hajawahi kuugua kifafa. Daktari anapofungua fuvu na kutoa sehemu kubwa ya uvimbe, mbano unashuka ndani ya siku chache. Juu yake mgonjwa hupewa deksamethasoni, ile ambayo wodini huitwa "deksa", inayopunguza maji kwenye ubongo, na ambayo pia humpa mtu hamu ya kula na uchangamfu. Wiki ya pili mgonjwa anaomba ugali na samaki, anawatania wauguzi. Ndugu wanafurahi, na wana haki ya kufurahi.

Ila furaha hiyo inatokana na mbano ulioshuka na kazi ya deksa. Haisemi lolote kuhusu seli zilizobaki. Na kwa uvimbe aina ya glioma, hasa ile iliyo kali kuliko zote inayoitwa glioblastoma, seli hubaki daima. Yeyote aliyelima shamba lenye ndago anaijua hali hii: majani yamekwisha juu, shamba linapendeza, na chini ya udongo viazi vyake vinasubiri mvua.

Madaktari wa upasuaji wenyewe walilijua hilo zamani, tena kwa njia ya kutisha. Mwaka 1928 Walter Dandy wa Johns Hopkins, mmoja wa waasisi wa upasuaji wa ubongo huko Marekani, aliandika juu ya wagonjwa wa glioma ambao aliwaondolea nusu nzima ya ubongo, upande wote wa kulia. Walikuwa wameshapooza upande wa kushoto wa mwili, na yeye alitumaini kwamba akikata mbali kiasi hicho hakuna kitakachosalia. Hata upasuaji huo haukuimaliza glioma. Ilirudi. Sasa, ikiwa kukata nusu ya ubongo hakukutosha, daktari wa leo pale Taasisi ya MOI, Muhimbili, au Hospitali ya Kenyatta, anayekata kwa uangalifu asiguse sehemu ya kusema wala ya kutembea, atatosha vipi peke yake?

Inaporudi, glioblastoma mara nyingi huota tena ndani ya sentimita 2 hivi kutoka kwenye ukingo wa pale ilipotolewa. Huko ndiko mionzi inakoelekezwa: kwenye shimo la operesheni na ukanda unaolizunguka, mahali ambapo kisu kikiendelea kukata kitamwacha mtu bubu au kiwete. Mionzi hukata nyuzi za vinasaba ndani ya seli. Seli nzima zina uwezo mkubwa zaidi wa kujikarabati mpaka kesho yake. Seli za saratani hujikarabati vibaya, na kila siku madhara yanajilimbikiza juu yake. Ndiyo sababu dozi haitolewi kwa mkupuo. Utaratibu wa kawaida kwa glioblastoma ni dozi ya grei 60 inayogawanywa mara 30, grei 2 kila mara, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 6. Mgonjwa analala mezani, uso umefunikwa na barakoa ya plastiki iliyochongwa kwa kipimo chake ili kichwa kisicheze, na baada ya dakika chache anaamka. Hasikii kitu. Wala harudi nyumbani na mionzi mwilini, kwa hiyo bibi anayewakataza wajukuu wasimkumbatie baba yao awaache.

Tuje kwenye ushahidi, kwa kuwa ubishi wa chini ya turubai hauna mwisho. Jambo hili lilipimwa. Nchini Marekani wagonjwa wenye glioma kali, wote wakiwa wameshafanyiwa operesheni, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978. Kundi lililopata uangalizi wa kawaida bila mionzi, nusu yao walikuwa wamekufa katika wiki ya 14. Kundi lililopata mionzi, nusu ya watu walifika wiki ya 35 hivi. Someni tena: wote walikuwa wamepasuliwa, wote walikuwa na ule "uzima" wa baada ya operesheni. Tofauti ilikuwa mionzi, na mionzi iliongeza muda wa kuishi zaidi ya mara mbili. Kama ingekuwa inaua, hesabu ingekwenda kinyume.

Mwaka 2005 daktari Roger Stupp na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 573 wa glioblastoma. Waliopata mionzi peke yake, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 12.1, walioongezewa vidonge vya temozolomaidi wakati wa mionzi na baada yake wakafika miezi 14.6. Mpinzani wangu hapa ananirukia: "Kumbe ni miezi miwili na nusu! Wiki sita za kulala chini ya mashine kwa ajili ya miezi miwili na nusu?" Hapana. Miezi hiyo miwili na nusu ni ya vidonge, si ya mionzi. Mionzi walipata wote. Na wastani huo unaficha watu. Baada ya miaka 2 walikuwa hai asilimia 26.5 ya waliopata vyote viwili, dhidi ya asilimia 10.4 ya waliopata mionzi tu. Baada ya miaka 5, karibu mtu mmoja kati ya 10 wa waliopata vyote viwili. Ni wachache, sikatai. Glioblastoma ni ugonjwa mbaya na sitaupamba. Ila mtoto wa darasa la tatu anayeonwa na baba yake akimaliza la saba hatakuuliza kuhusu wastani.

Tena tusijadili kana kwamba kila uvimbe wa ubongo ni glioblastoma. Chukua medulloblastoma, uvimbe wa utotoni unaoota nyuma ya kichwa kwenye serebela, uliopewa jina hilo na Harvey Cushing na Percival Bailey mwaka 1925. Kwa operesheni peke yake, karibu watoto wote walikufa. Kilichobadilisha hadithi ni mionzi ya ubongo pamoja na uti wa mgongo, maana seli za uvimbe huu huteremka na maji ya mgongo. Leo, kwa watoto wa miaka 3 na kuendelea ambao uvimbe wao haujasambaa, mionzi pamoja na dawa za kemotherapia vimewezesha zaidi ya 8 kati ya 10 kuwa hai baada ya miaka 5. Mzazi anayemtorosha mtoto wa namna hii baada ya operesheni kwa sababu ya maneno ya jirani amemnyima nafasi kubwa mno.

Nakuja kwenye hoja yao iliyo na uzito, kwamba mionzi inaharibu ubongo. Hii siipuuzi. Nywele hunyonyoka pale miale inapopita. Uchovu unakuja, na wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho mtu anaweza kulala mchana kutwa. Miezi au miaka baadaye kumbukumbu inaweza kupungua, tezi ya pituitari ikalegea, na kwa baadhi ya watu nyama ya ubongo iliyopigwa mionzi ikafa. Daktari asiyeyasema haya kabla ya kumpa mgonjwa fomu ya kusaini anastahili kulaumiwa. Lakini wapinzani husahau kuuliza swali la pili: uvimbe ukiachwa, wenyewe unaufanya nini ubongo? Hauna huruma na kumbukumbu. Hausazi uwezo wa kusema wala wa kutembea.

Na hili nalo limepimwa, tena kwa wazee, ambao ndio kila mtu anasema "mwacheni apumzike". Ufaransa, wagonjwa 81 wa glioblastoma wenye miaka 70 na zaidi waligawanywa: wengine wapate huduma ya kuwapunguzia mateso tu, wengine wapate huduma hiyohiyo pamoja na mionzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Bila mionzi, nusu waliishi hadi wiki 16.9, kwa mionzi, wiki 29.1. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa kuwa faida ilikuwa imeshaonekana. Lakini kinachonivutia zaidi ni walipopima uwezo wa kufikiri, wa kujihudumia na hali ya maisha kwa jumla: waliopigwa mionzi hawakuzorota kuliko wenzao walioachwa "wapumzike". Wazee waliogopewa kwamba wataharibiwa walipata miezi ya ziada, na miezi hiyo haikuwa ya mateso zaidi.

Mbona basi watu wameona kwa macho yao mgonjwa akizorota katikati ya mionzi? Wameona kweli, ila wameeleza vibaya walichokiona. Mionzi inaweza kuamsha maji kwenye ubongo kwa muda, na dozi ya deksa ikirekebishwa hali hutulia. Wengine huacha deksa ghafla kwa sababu vidonge vimekwisha na hela ya kununua vingine haipo, na kuacha ghafla baada ya wiki nyingi ni hatari kwa mwili wote. Wengine hupigwa picha ya MRI ndani ya miezi 3 ya mwanzo na uvimbe ukaonekana umekua, kumbe ni mvurugiko wa mionzi wenyewe, ukiachwa unafifia. Na wengine, niseme ukweli mchungu, uvimbe wao ulikuwa mkali kuliko tiba yote iliyopo. Walikuwa wanakwenda. Mionzi iliwakuta njiani ikajaribu kuwazuia, na kwa kuwa ilikuwapo ilipotokea ajali, ndiyo iliyoandikwa jina.

Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, imebeba lawama za namna hii kwa miaka mingi. Jengo lile lililo pembeni mwa bahari, lililoanza kama hospitali ya Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, wagonjwa wake wengi wa saratani hufika ugonjwa ukiwa hatua ya 3 au ya 4. Ukiwapokea watu waliochelewa, utawazika wengi. Halafu mtaa unahitimisha kwamba anayeingia pale hatoki. Hoja hiyo ikikubaliwa, basi gari la zimamoto nalo ndilo linalounguza nyumba Kariakoo, kwani kila panapoungua lipo.

Sisemi kila mwenye uvimbe wa ubongo apelekwe kwenye mashine. Meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, nyingi si saratani. Ikitolewa yote, mgonjwa hufuatiliwa kwa picha na huenda asihitaji mionzi maisha yake yote. Ile ya daraja la 3 huihitaji hata kama imetolewa yote. Mtoto chini ya miaka 3 madaktari hukwepa kumpiga mionzi wawezavyo kwa sababu ubongo wake bado unajengwa. Kwa glioma za daraja la chini, utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kuanza mionzi mara baada ya operesheni kulichelewesha uvimbe kurudi, kutoka miaka 3.4 hadi 5.3, lakini hakukuongeza umri: miaka 7.4 kwa 7.2. Kwa hiyo kijana mwenye uvimbe mpole uliotolewa vizuri anaweza kuambiwa "tusubiri tukikuangalia", na hiyo ni tiba sahihi.

Hata kwa saratani iliyotoka kwenye titi au pafu ikapanda kichwani, mambo yamebadilika. Utafiti wa mwaka 1998 kwa watu waliokuwa na uvimbe mmoja uliotolewa kwa operesheni ulionyesha kwamba bila mionzi, saratani ilirudi kwenye ubongo kwa asilimia 70. Kwa mionzi ya ubongo mzima, asilimia 18. Zamani ilikuwa desturi kuupiga ubongo wote. Mwaka 2017 utafiti wa Marekani na Kanada ukalinganisha ubongo mzima na miale iliyoelekezwa kwenye shimo la operesheni pekee: umri wa kuishi haukutofautiana, lakini baada ya miezi 6 uwezo wa kufikiri ulikuwa umeshuka kwa asilimia 85 ya waliopigwa ubongo mzima, dhidi ya asilimia 52 ya wale wa shimo. Aliyesema kwamba kupiga ubongo mzima kunaumiza akili alikuwa sahihi, basi. Ila tazameni ni nani waliolithibitisha: ni madaktari wa mionzi na wenzao wa upasuaji, kwa kupima. Nao hawakuhitimisha kwamba mionzi iachwe. Walihitimisha kwamba ilengwe vizuri zaidi.

Waganda wanaweza kutufundisha kitu. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, Kampala, iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Ilikuwa mashine pekee ya mionzi nchini. Ya badala yake, nayo ya kobalti, ilizinduliwa Januari 2018, na katikati ya muda huo wenye uwezo walikwenda nje, na Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo. Hakuna aliyesherehekea mashine kufa. Hakuna aliyesema sasa wagonjwa watapona kwa kuwa hawachomwi tena. Nchi nzima ililia, na ilijua kwa nini inalia.

Hapo ndipo hasira yetu ingepaswa kuelekea: si kwenye mionzi, bali kwenye uhaba wake na gharama za kuifuata. Mgonjwa wa Kigoma au Sumbawanga akiambiwa wiki 6 Dar es Salaam, anasikia kodi ya chumba, nauli ya daladala kila siku, chakula cha watu wawili, na shamba lisilo na mtu. Wengi wanaosema "mionzi inaua" wanasema hivyo kwa sababu "hatuna pa kulala" inaaibisha. Nawaelewa. Lakini kuna jambo ambalo familia nyingi haziambiwi: kwa wazee na wagonjwa dhaifu wenye glioblastoma, ratiba fupi zipo na zimethibitishwa. Mwaka 2004 Wilson Roa wa Kanada na wenzake walionyesha kwamba kwa wenye miaka 60 na zaidi, grei 40 kwa mara 15 zilitoa matokeo yaliyokaribiana sana na grei 60 kwa mara 30. Mwaka 2015, katika utafiti uliosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, wagonjwa 98 wazee au dhaifu walilinganishwa: grei 25 kwa mara 5 tu, dhidi ya grei 40 kwa mara 15. Waliopata siku 5 hawakuishi muda mfupi zaidi. Wiki moja ya mionzi! Ratiba hiyo haimfai kijana mwenye nguvu, lakini kwa babu wa Sumbawanga ndiyo inayomwezesha kutibiwa.

Na kuna lawama moja ya ndani ya hospitali ambayo sitaiacha. Daktari anatoka chumba cha upasuaji, anavua kofia, anawaambia ndugu: "Operesheni imefanikiwa." Anamaanisha kwamba mgonjwa hajafa mezani na sehemu kubwa ya uvimbe imetoka. Ndugu wanasikia kwamba ugonjwa umekwisha. Hakuna anayewaeleza kwamba kinyama kilichokatwa kimepelekwa maabara, kwamba jina la uvimbe halijajulikana bado, na kwamba jina hilo ndilo litakaloamua kama kuna mionzi au hakuna. Majibu yanakuja wiki kadhaa baadaye, mgonjwa keshafika kijijini, simu aliyoiandikisha ni ya shemeji aliyebadili laini. Mionzi hupangwa kuanza kati ya wiki ya 3 na ya 6 baada ya operesheni, kidonda kikishapona. Wengine hurudi mwezi wa tano, uvimbe ukiwa mkubwa kuliko wa kwanza. Wakifa, turubai linafungwa, na mashine inalaumiwa tena.

Kwa hiyo wewe unayemuuguza mtu, usiondoke wodini siku ya ruhusa bila kuuliza mambo haya: majibu ya kinyama yatatoka lini na nani atakupigia, uvimbe huu ni aina gani na daraja la ngapi, unahitaji mionzi au kusubiri kwa kufuatiliwa, kama unahitaji, kuna ratiba fupi inayomfaa mgonjwa wangu, na tarehe ya kumwona daktari wa mionzi ni ipi. Iandikwe kwenye karatasi, usipewe kwa mdomo. Na jirani akija jioni na habari za mtu aliyemalizwa na mionzi, mwulize mtu huyo alikuwa na uvimbe wa aina gani. Asipojua, mkaribishe chai, na asubuhi mpeleke mgonjwa wako hospitali.